Uraibu wa Dawa za Kulevya: Maswali Ambayo Familia za Mombasa Huuliza Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi, wake, waume na ndugu wanaoishi na mtu wanayemshuku kuwa ametumbukia katika dawa za kulevya, na pia kwa ajili ya yule anayetumia na ameanza kujiogopa mwenyewe. Uraibu haujulikani kwa sura ya mtu wala kwa jina la dawa anayotumia, bali kwa jinsi dawa ilivyomshika, na familia inayoujua mapema huwa na njia nyingi zaidi za kumsaidia mtu wao.

Uraibu ni nini, na unatofautiana vipi na kutumia dawa tu?

Uraibu ni maradhi yanayomfanya mtu aendelee kutumia dawa kwa msukumo asioweza kuuzuia, hata anapoona kwa macho yake kwamba dawa hiyo inamharibia afya, kazi na jamaa zake. Si kila aliyewahi kuvuta bangi au kutafuna miraa ni mraibu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 2022, hutazama mambo matatu: mtu kushindwa kujizuia, yaani lini aanze, atumie kiasi gani na lini aache, dawa kutangulizwa mbele ya kila jambo jingine maishani, na mwili kuonyesha kwamba umeizoea, ama kwa kuhitaji kiasi kikubwa zaidi ili kupata athari ileile, ama kwa kuumwa inapokosekana. Mambo mawili kati ya haya yakionekana, kwa kawaida katika kipindi cha mwaka mzima, daktari huweza kusema kwamba huu ni uraibu, ingawa muda mfupi zaidi hutosha iwapo mtu anatumia kila siku.

Kwa hiyo mama anayemeza vidonge vya usingizi alivyonunua kwenye duka la dawa bila cheti cha daktari, na ambaye hawezi tena kulala wala kutulia bila vidonge hivyo, anaweza kuwa mraibu sawasawa na kijana anayelala maskani, yaani kijiweni wanakokusanyika watumiaji wa dawa. Watu wengi hawalioni hili, na ndiyo sababu wengine hufichika nyumbani kwa miaka.

Kama anaona anaangamia, kwa nini haachi?

Swali hili huulizwa kwa machozi, na linastahili jibu kamili. Ubongo una mfumo unaotufanya tufurahie chakula, mapenzi na mafanikio, ili tuyatafute tena, na kemikali muhimu katika mfumo huo huitwa dopamini. Dawa za kulevya huamsha mfumo huu kwa nguvu isiyo ya kawaida. Heroini, ambayo hapa kwetu huitwa unga, huingia ubongoni kwa haraka, hugeuka kuwa mofini, na kushika sehemu ambazo mwili hutumia kutuliza maumivu yake wenyewe. Ikirudiwa siku baada ya siku, ubongo hujirekebisha kwa kupunguza mwitikio wake. Hapo chakula hakina ladha, mpira hauna raha, hata kicheko cha mwanawe hakimgusi kama zamani, na mtu huyo hatumii tena ili afurahi bali ili aweze kusimama, kuoga na kutoka nje bila maumivu.

Wakati huohuo, sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupima matokeo na kujizuia, hudhoofika. Sehemu hiyo hukomaa kabisa mtu anapokaribia umri wa miaka 25, na kwa sababu hiyo kijana aliyeanza akiwa na miaka 14 yumo hatarini zaidi kuliko aliyeanza akiwa mtu mzima. Urithi wa damu nao unachangia, na vilevile majeraha ya utotoni, ukosefu wa kazi, na dawa kupatikana hatua chache kutoka mlangoni. Kuapa mbele ya wazazi kwamba hatarudia, mara nyingi, si uongo. Anaapa kwa moyo wote, kisha maradhi humshinda nguvu.

Je, huu si upungufu wa imani au malezi mabaya?

Kujaribu kwa mara ya kwanza mara nyingi ni uamuzi wa mtu, lakini hakuna aliyechagua kuwa mraibu. Waraibu wametoka katika nyumba za maimamu, za wachungaji, za walimu na za wavuvi. Imani ina nafasi kubwa katika kupona, kwa sababu humpa mtu tumaini, ratiba ya siku na watu wa kukaa nao, na hakuna anayewaambia wazazi waache kumwombea mtoto wao. Wafanye dua na wampeleke hospitalini pia.

Ni dawa gani zinazotumiwa zaidi hapa Mombasa?

Mbali na pombe na tumbaku, kuna bangi, miraa na muguka, vidonge vya kutuliza akili ambavyo vijana huviita bugizi, na heroini, ambayo ndiyo iliyoiumiza Pwani kuliko nyingine zote. Heroini inayofika hapa kwa miaka mingi imetokana na afyuni ya Afghanistan, ambayo husafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, kusini mwa Iran na Pakistan, hadi Afrika Mashariki. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata zaidi ya kilo 1,000 za heroini katika jahazi moja nje ya pwani yetu, na mwezi Agosti mwaka huohuo serikali ya Kenya ililipua baharini meli nyingine iliyokuwa imekamatwa na shehena ya unga na kuletwa Mombasa. Mzigo mwingi huwa unapita tu kwenda nchi nyingine, lakini kiasi fulani hubaki, na hicho kinachobaki huuzwa kwa kete ndogo ambazo hata mbeba mizigo wa sokoni anaweza kuzinunua.

Wengine huvuta unga huo uliochanganywa na bangi au tumbaku, wengine hufukiza moshi wake, na wengine hujidunga. Wengi huanza kwa kuvuta na hufikiri kwamba hawatafika kwenye sindano, na ni vizuri familia ijue kwamba uraibu wa anayevuta ni uraibu uleule.

Nitamtambuaje mtu wa karibu nami anayetumia unga?

Hakuna dalili moja inayotosha, kwa hiyo tazama mabadiliko yanayoandamana na yanayodumu kwa majuma.

Mwilini, aliyetumia heroini huwa na mboni ndogo mno hata akiwa katika chumba chenye giza, sauti nzito na ya polepole, na mikono inayojikuna kila mara. Husinzia katikati ya mazungumzo: kichwa huinama taratibu hadi kidevu kikaribie kifua, mkono bado umeshika kikombe cha chai, kisha hushtuka na kuendelea na sentensi yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Hufunga choo kwa siku kadhaa, hukonda, na hamu ya chakula hupungua isipokuwa ya vitu vitamu. Anayejidunga huweza kuwa na makovu au uvimbe kwenye mikono, miguu au kinena, na huvaa mikono mirefu mchana wa joto la Februari, wakati kila mtu nyumbani anatafuta upepo.

Katika mwenendo, hubadilisha marafiki ghafla na hawaleti nyumbani. Hukaa chooni kwa muda mrefu. Ana saa maalumu za kutoka ambazo lazima atoke, hata kukiwa na mvua, msiba au wageni, na akizuiwa huwa mkali kuliko jambo lenyewe linavyostahili. Vitu huanza kupotea nyumbani, kwanza pesa ndogo za matumizi, kisha simu, mtungi wa gesi, sufuria, na mwishowe hata bomba la maji la uani huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hukopa kwa jamaa mmojammoja kwa visa tofauti, na jamaa hao hugundua siku wanapokutana harusini na kulinganisha waliyoambiwa.

Chumbani huweza kupatikana vipande vidogo vya karatasi au plastiki vilivyokunjwa, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara yenye alama za kuungua, kijiko kilichoungua chini, ndimu zilizokatwa mahali pasipo na chakula, na mabomba ya sindano. Ukiokota sindano, usiishike upande wa ncha wala usiirudishie kifuniko. Itie katika chupa ngumu ya plastiki, uifunge, na uipeleke kituo cha afya.

Je, dalili hizo haziwezi kuwa za kitu kingine?

Zinaweza. Balehe humfanya mtoto kuwa msiri na mwenye hasira. Kisukari humkondesha mtu. Huzuni kubwa humfanya mtu ajitenge, na maradhi mengine ya akili huvuruga usingizi na kauli. Usimtangaze mtu mtaani kwa kushuku tu. Kipimo cha mkojo huweza kuonyesha aina kadhaa za dawa, lakini kinaeleza kama dawa ilitumiwa katika siku za karibuni, hakisemi kama mtu ni mraibu. Hilo huamuliwa na mhudumu wa afya aliyeketi na mgonjwa na kumsikiliza.

Arosto ni nini, na ni hatari?

Arosto ni hali anayoipata mraibu anapokosa dawa. Kwa heroini, huanza takriban saa 8 hadi 12 baada ya kutumia mara ya mwisho. Kwanza huja miayo mfululizo, machozi na kamasi kama za mafua, kisha jasho, baridi inayosisimua ngozi, maumivu ya mifupa na misuli, kuumwa na tumbo, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi kabisa. Hali huwa mbaya zaidi siku ya 2 na ya 3, na sehemu kubwa ya maumivu hutulia baada ya wiki moja hivi. Tamaa ya dawa yenyewe hubaki kwa miezi. Kwa mtu aliyekuwa na afya nzuri, arosto ya heroini huwa ni mateso makubwa lakini kwa kawaida haiui, isipokuwa akiishiwa maji mwilini bila kuhudumiwa.

Pombe na vidonge vya kutuliza akili ni jambo jingine kabisa. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, au aliyemeza bugizi kwa muda mrefu, akiachishwa kwa ghafla anaweza kupata kifafa, kuchanganyikiwa na kufa. Hao lazima wapunguziwe taratibu chini ya uangalizi wa daktari.

Basi je, tumfungie chumbani mpaka dawa imtoke mwilini?

Hapana. Najua familia zinazofanya hivyo husukumwa na mapenzi na kuchoka, wala si ukatili, lakini kufungia ni hatari kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kifafa, kwani mara nyingi familia haijui kwamba mtu wao alikuwa akichanganya unga na vidonge au pombe. Ya pili hutokea baadaye. Mwili uliokaa majuma bila heroini hupoteza uwezo wake wa kuhimili kiasi kilichozoeleka zamani, na mtu huyo akitoka na kutumia kipimo kilekile cha awali, pumzi inaweza kusimama. Hatari hiyohiyo humkabili anayetoka gerezani na anayetoka katika kituo cha kurekebishia tabia bila mpango wa kumfuatilia. Wengi tuliowazika hawakufa katika kilele cha matumizi yao, walikufa walipokuwa wametoka tu kuacha.

Nikimkuta amezidisha kipimo, nifanye nini?

Dalili ni hizi: haamki hata akitikiswa na kuitwa kwa nguvu, anapumua mara chache sana au kwa mkoromo wa majimaji, na midomo na kucha zimegeuka rangi kuwa za kijivu au samawati. Ita msaada mara moja na utafute gari la kumfikisha hospitalini. Kama hapumui vizuri, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua na umpulizie pumzi mdomoni, pumzi moja kila baada ya sekunde 5 hivi. Kama anapumua, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi. Usimmwagie maji baridi, usimnyweshe maziwa wala chumvi, wala usimwache alale kwa matumaini kwamba itapita. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kurudisha pumzi kwa dakika chache, lakini nguvu yake huisha mapema kuliko ya baadhi ya dawa alizotumia, hivyo hata akizinduka na kusema yu salama, lazima apelekwe hospitalini.

Methadoni ni nini? Si kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine?

Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu wa kliniki. Hushika sehemu zilezile za ubongo zinazoshikwa na heroini, lakini huingia polepole na kukaa mwilini kwa zaidi ya siku nzima, kwa hiyo mgonjwa aliyepewa kipimo sahihi hapati arosto wala halewi. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kenya ilianza kuitoa Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi mwaka 2015, na leo Mombasa ina kliniki yake Kisauni.

Ni kweli kwamba mwili wa mgonjwa hutegemea methadoni. Lakini rudi kwenye maana ya uraibu iliyoelezwa hapo juu, kisha umtazame mtu anayekunywa dawa asubuhi, akaenda kazini, akarudi na unga wa ugali na mboga, na haibi wala hajidungi. Mambo yaliyokuwa yakimwangamiza hayapo tena. Anafanana na mgonjwa wa shinikizo la damu anayemeza kidonge chake kila siku. Wengine hukaa kwenye methadoni kwa miaka, wengine hupunguziwa taratibu hadi wakaacha, na kuharakisha kuacha ili kuwaridhisha majirani ndiko kunakowarudisha wengi maskani. Madhara yake yapo, kama vile kutokwa na jasho na kufunga choo, na ni hatari kubwa kuichanganya na pombe au bugizi.

Mwezi wa Ramadhani huzua swali la kufunga. Hilo lizungumzwe mapema na kliniki pamoja na mwanachuoni anayeaminika, wala mgonjwa asiamue peke yake kuruka kipimo.

Muguka na miraa si halali? Vinaletaje uraibu?

Vyote viwili ni majani ya mmea mmoja wenye kemikali iitwayo kathinoni, ambayo humchangamsha mtu, humkatia usingizi na njaa, kisha humwacha na uchovu na moyo mzito. Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka mwezi Mei 2024, amri ikasimamishwa na mahakama, na mjadala haujaisha. Kwa familia, uhalali si kipimo. Kijana anayetafuna kwa njugu na bazoka kuanzia adhuhuri hadi usiku wa manane, asiyelala, anayemaliza mshahara wa kibarua humo, na aliyeanza kuona watu wanamfuata, anahitaji kuonwa na daktari.

Dada yetu anatumia, na sasa ni mjamzito. Aache leoleo?

Kama ni heroini, asiache kwa ghafla peke yake, kwa sababu arosto kali huweza kuhatarisha mimba. Apelekwe kliniki ya wajawazito na aseme ukweli. Methadoni hutolewa wakati wa ujauzito, na mtoto akizaliwa na dalili za kukosa dawa, hospitali inaweza kumtibu. Wanawake hujificha zaidi kuliko wanaume, kwa aibu na kwa hofu ya kunyang'anywa watoto, na wengi walianzishwa na waume au wapenzi wao. Anayempeleka awe mtu anayeweza kumsindikiza bila kumsimanga njiani.

Nianzeje kuzungumza naye?

Chagua saa ambayo hajalewa wala hana arosto, na pasiwe na kikao cha ukoo mzima. Sema uliyoyaona, si uliyoyasikia. “Mwanangu, nimekuona ukisinzia mezani mara tatu wiki hii, na simu ya dadako haipo, nami naogopa kukupoteza” ni maneno anayoweza kuyajibu, ilhali kumwita teja hufunga mazungumzo hapohapo. Akikana, usibishane. Mwambie mlango wa kusema uko wazi, kisha urudi tena siku nyingine. Usimpe pesa taslimu, lakini mpe chakula, nauli ya kliniki na mtu wa kwenda naye. Usimlipie kila deni kwa siri, kwani mficha maradhi kifo humuumbua, na siri ya namna hii humlinda muuzaji kuliko mgonjwa. Nyumba nayo ina haki ya kuwa na mipaka: funga kabati, na ukatae vitisho.

Alipona, sasa amerudia. Je, tumekula hasara?

La. Watafiti wa Marekani hukadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa uraibu hurudia wakati fulani, kiwango kinachokaribiana na cha wagonjwa wa pumu au shinikizo la damu wanaoacha masharti ya matibabu. Kurudia humaanisha matibabu yaangaliwe upya. Ulizeni kilichotangulia: alirudi kuishi mtaa uleule, alikosa kazi, au kuna huzuni ambayo haikutibiwa? Na mkumbusheni juu ya kipimo, kwa sababu mwili wake sasa hauhimili kama zamani.

Anayejidunga apimwe pia virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B na C, ambavyo husambaa kwa kushiriki sindano, na apewe sindano safi hadi atakapokuwa tayari kuacha. Sindano hizo zilipoanza kutolewa nchini zilipingwa vikali hapa Pwani. Naziunga mkono, kwa kuwa mtu aliye hai na asiye na virusi bado anaweza kutibiwa.

Twende wapi hapa Mombasa?

Mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, NACADA, ina simu ya bure nambari 1192, na unaweza kupiga hata kama hujui la kusema. Kwa heroini, kliniki ya methadoni iko Kisauni, na mashirika ya Reachout Centre Trust na MEWA yamefanya kazi na waraibu wa mji huu kwa miaka mingi, kwa hiyo wanajua kumfuata mtu hadi maskani na kumleta kliniki. Miritini kuna kituo cha matibabu na urekebishaji. Kama mgonjwa anasikia sauti au ametishia kujiua, apelekwe kwanza Hospitali Kuu ya Pwani au Port Reitz, ambako kuna huduma za afya ya akili. Kabla ya kulipia kituo cha binafsi, ulizeni kama kimesajiliwa, kama kina daktari na muuguzi, na kama mtaruhusiwa kumtembelea. Kituo kinachotumia minyororo au viboko si mahali pa matibabu.

Mnapokwenda, chukueni kitambulisho chake na karatasi zozote za hospitali. Andikeni kila anachotumia, pamoja na pombe, bugizi na dawa za hospitali, bila kupunguza kwa aibu. Andikeni pia saa aliyotumia mara ya mwisho, kwa sababu kipimo cha kwanza cha methadoni huanza kidogo na hutolewa kwa kutegemea dalili za arosto zilizoanza kuonekana, na mgonjwa aliyetoka kujidunga nje ya lango huweza kuambiwa asubiri au arudi kesho. Akiambiwa hivyo, mmoja wenu abaki naye mpaka kesho hiyo.